Wanamwita nyani kambini: mdogo wangu ako jeshi la Uingereza, sheria inamlinda kweli?

"Wakili, habari. Mdogo wangu aliingia jeshi la Uingereza 2023, alitoka hapa Umoja, saa hii ako kambi moja huko Yorkshire. Mwaka wa kwanza alikuwa sawa tu. Kutoka hapo kuna majamaa kwa platuni yake wanamwita nyani, wanaiga vile anaongea, na kwa grupu yao ya WhatsApp waliweka picha yake wameiunganisha na ya sokwe, sajini akaweka emoji ya kucheka. Hiyo picha ina wiki saba sasa. Aliomba kozi ya kupanda cheo akaambiwa Kiingereza chake bado, na mzungu walioingia pamoja ameenda. Aliambia koplo wake, akaambiwa huo ni utani wa jeshi azoee. Usiku akinipigia analia. Mama anasema akija likizo Desemba asirudi. Mjomba anasema tushtaki hapa Milimani ama tuende ubalozi. Kuna jamaa tauni anataka elfu mia moja na hamsini atufungulie kesi. Na yeye mwenyewe anaogopa akilalamika atafukuzwa na visa iishe, na bado tunalipa loni ya sacco tuliyochukua kumpeleka. Tufanye nini?"

Dada yangu, pole sana. Nimesoma swali lako usiku nikalirudia asubuhi kabla nifungue ofisi, na kabla ya kitu kingine chochote wacha tuhesabu siku, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huanguka. Ile picha ina wiki saba. Malalamiko rasmi ya kijeshi huko Uingereza kwa kawaida yanatakiwa yaingie ndani ya miezi 3 tangu kitu kitendeke, na miezi 3 ni kama wiki kumi na tatu, kwa hivyo amebakisha wiki sita hivi. Kesi ya ubaguzi kwa tribunali ya kazi, yaani korti yao ya mambo ya kazi, ina miezi 6. Zile siku ameambia koplo kwa mdomo, hazikusimamisha hiyo saa hata dakika moja. Kama huna nafasi ya kusoma haya yote, mtumie aya hii peke yake leo jioni.

Pia nikuambie wazi, mimi ni wakili wa hapa Nairobi. Siwezi kusimama mbele ya jaji wa huko kumtetea. Ninachofanya ni kukueleza mambo yanaendaje ndio ukiongea na wakili wa huko mjue mnaongea nini, na ndio usipoteze pesa, juu nimeona familia kadhaa zikikaa hapa mbele ya meza yangu zimeshamaliza pesa.

Tuanze na ya mjomba. Korti ya hapa Milimani haiwezi kusaidia. Mwajiri wa mdogo wako ni Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, mambo yametendeka Yorkshire, na sheria inayotumika ni ya huko. Ubalozi wao hapa Upper Hill nao hauna kazi ya kuchunguza sajini wa platuni, ukienda watakusikiza kwa heshima wakurudishe kwa njia ileile ya jeshi. Ubalozi wetu kule London unaweza kumsaidia mambo ya pasipoti na kumpa mtu wa kuongea naye, lakini hauwezi kuamrisha jeshi la nchi nyingine. Sisemi mjomba amekosea kutaka kupigana, anapenda kijana wake. Ni mlango tu si huo.

Na huyo jamaa wa tauni, tafadhali, msimpe hata shilingi. Kufungua kesi ya ubaguzi kwa tribunali ya kazi ya Uingereza ni bure. Walikuwa wanalipisha zamani, Mahakama ya Juu ya huko ikafuta hizo ada mwaka 2017. Malalamiko ya ndani ya jeshi nayo ni bure. Tena malalamiko ya ndani lazima ayapeleke yeye mwenyewe, si ajenti wa River Road aliye na muhuri na kompyuta. Hiyo 150,000 ni afadhali iende kwa sacco.

Sasa swali lako lenyewe, sheria inamlinda? Inamlinda. Watu hufikiria mtu akivaa gwanda anaacha haki zake getini. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inashika mpaka jeshi, na kwa hiyo sheria neno rangi limebeba mambo mengi, si ngozi peke yake, kuna uraia, kuna kabila, kuna asili ya mtu. Kuiga vile Mkenya anaongea ili kumdhalilisha kunaingia humo. Na kuna njia tofauti za ubaguzi ambazo usizichanganye, kwa sababu ushahidi wake ni tofauti. Ile ya kuitwa nyani na ile picha ya sokwe ni unyanyasaji. Ile ya kozi ni kutendewa vibaya kuliko mwenzako kwa sababu ya rangi. Na kama akilalamika halafu waanze kumpangia zamu mbaya ama kumnyima likizo, hiyo ni kulipiziwa kisasi, na sheria inaikataza kivyake, yaani hata kama yale malalamiko ya kwanza hayakushinda bado anaweza kushinda hii ya kisasi, mradi alilalamika kwa nia safi.

Kuhusu utani. Sheria haiulizi tu kama waliokuwa wanacheka walitaka kumuumiza. Inauliza pia matokeo yalikuwa nini, kama kile kitendo kilimvunjia heshima ama kikafanya mahali pawe pa uadui na udhalilishaji kwake, na kama ni haki mtu kuumia vile ameumia. Hakuna jaji utamweleza sokwe akabaki hajaelewa. Halafu mwajiri anawajibika kwa yale wafanyakazi wake wanafanya wakiwa kazini, na anaweza kujitoa tu akionyesha alichukua hatua zote zinazofaa kuzuia. Sajini kuweka emoji ya kucheka kunaidhoofisha hiyo njia ya kujitetea, kwa sababu sajini ndiye alitakiwa kuzuia. Ile emoji ni kitu kikubwa kuliko vile mnadhani.

Kuna kesi ningependa muijue. Wanajeshi wawili weusi wa kikosi cha parashuti pale Colchester, Hani Gue na Nkululeko Zulu, Januari 2018 walikuta picha zilizokuwa kwa mlango wa chumba zimechorwa alama ya Kinazi, masharubu ya Hitler na maneno ya kibaguzi. Walienda tribunali, na mwaka 2019 ikaamua huo ni unyanyasaji wa rangi na wizara ikabeba lawama. Lakini soma yote: madai yao mengine hayakupita. Kilichosimama ni kile kitu cha mlangoni, kitu kinaonekana kwa macho, kina siku yake na mahali pake. Mwingine ni Kerry-Ann Knight, mwanajeshi mweusi ambaye jeshi lilitumia uso wake kwa mabango ya kuita watu wajiunge, akatumikia zaidi ya miaka kumi, akashtaki kwa ubaguzi wa rangi na jinsia, na mwaka 2024 jeshi likamalizana naye kwa malipo na kumuomba msamaha. Mdogo wako hayuko peke yake, na hata wakubwa wao wanajua. Ripoti waliyoitisha wenyewe 2019 na zile za kila mwaka za Ombudsmani wa malalamiko ya wanajeshi zimerudia jambo moja, kwamba wanawake na watu wa rangi nyingine ni wengi mno kati ya wanaolalamika ukilinganisha na idadi yao jeshini.

Haya, njia yenyewe inaendaje. Mtu wa kampuni ya kawaida huko akibaguliwa anaweza kwenda tribunali bila kwanza kupeleka malalamiko ya ndani. Mwanajeshi hawezi. Bunge lao liliamua jeshi lipewe nafasi kwanza ya kusafisha nyumba yake, kwa hivyo sheria inasema tribunali haiwezi kusikiza kesi ya mwanajeshi kama hajapeleka malalamiko rasmi ndani, na hajayaondoa. Shika hayo mawili: ayapeleke, na asiyaondoe. Nimeona mtu ameongeleshwa vizuri, akapewa chai, akaambiwa ondoa hii karatasi tutaongea kama wanaume, akaondoa, na mlango wa tribunali ukafungwa hapo hapo bila yeye kujua. Si lazima angoje malalamiko yaamuliwe ndio aende tribunali, anaweza kuyapeleka, na ile miezi 6 ikikaribia kuisha kabla jeshi halijaamua akafungua kesi, ikalala hapo ikingoja. Hiyo ndiyo akili ya hii kitu yote, kutembea na njia mbili kwa wakati mmoja.

Malalamiko yanaandikwa kwa fomu ya jeshi, na yanapokelewa na ofisa aliyeteuliwa. Kama huyo ofisa ndiye analalamikiwa ama ameguswa na hayo mambo, yanaenda kwa mwingine. Na ana haki ya kupewa ofisa wa kumsaidia, mtu wa kumshika mkono kwa hiyo safari, na asipomwamini aliyeletwa anaweza kuomba mwingine. Kwa fomu aandike nini kilitendeka, tarehe, nani alikuwa, na anataka nini kifanyike. Na hapa namsihi: aandike neno lenyewe, kwamba anadai ni ubaguzi na unyanyasaji kwa sababu ya rangi na asili yake. Vijana wetu wana adabu, wanaandika ati "sikufurahishwa na tabia ya wenzangu." Hiyo haitoshi. Ukienda tribunali baadaye na kitu ambacho hakikuwa kwa malalamiko ya ndani, wanakuambia hicho hatujakipitia, rudi nyumbani.

Akiona fomu imekaliwa, ama imekataliwa ati imechelewa, ama anaogopa kuipeleka kwa wakubwa wake, anaweza kuandikia yule Ombudsmani, ambaye hayuko chini ya makamanda. Hiyo ofisi ilianza kazi Januari 2016, inaweza kupeleka ombi lake kwa jeshi wakalazimika kulishughulikia, inaweza kuangalia kama kukataliwa kulikuwa sawa, na inaweza kuchunguza ucheleweshaji. Sheria mpya ya 2025 imeamua kazi hiyo ichukuliwe na Kamishna wa Majeshi, kwa hivyo akikuta jina jipya asishtuke. Uamuzi wa kwanza ukitoka na hajaridhika kuna rufaa, na siku za rufaa ni chache, tangu 2022 wamezikata kutoka wiki sita mpaka wiki mbili, kwa hivyo barua ya uamuzi ikifika asiiweke kwa droo ati ataisoma wikendi.

Sitakudanganya kwamba huu mfumo ni mzuri. Hao Ombudsmani wenyewe miaka mfululizo waliandika kwamba hauendi haraka vile unafaa na hauna haki vile unafaa. Malalamiko yanaweza kuvuka mwaka. Tribunali pia ina foleni ndefu. Na huo muda wote ataendelea kulala chumba kimoja na watu amewashtaki ama marafiki zao, na hakuna sheria inaweza kumwondolea hiyo. Anaweza kuomba ahamishwe kikosi wakati wanachunguza, na aombe kwa maandishi, lakini asikubali kuhamishwa kuwe ndio mwisho wa maneno.

Sasa ushahidi, na hapa ndipo wewe unaingia. Ushahidi mzuri kabisa wa hii kesi labda hauko Yorkshire, uko kwa simu yako hapo Umoja. Umesema alikuwa anakupigia usiku analia. Je, alikutumia pia voisi? Meseji? Ile usiku ya picha alikuambia nini, saa ngapi? Jaji akisikia mtu anasema miezi minane baadaye "niliumia sana", hiyo ni maneno. Akiona voisi ya saa tano na dakika arobaini usiku, siku ileile, kijana anaambia dada yake kwa Kiswahili ati "leo wameniweka kwa grupu kama mnyama na sajini amecheka", hiyo ni kitu kingine kabisa, kwa sababu hakuna mtu hupanga kesi saa hiyo akiongea na dada yake. Usifute hata moja. Usibadilishe simu kabla hujahifadhi. Hamisha hayo mazungumzo yote kwa imeili yako, na zile voisi uziandike neno kwa neno vile alisema, na sheng yake, bila kusafisha, halafu chini yake tafsiri. Na usiongeze chumvi, dada, hata kama hasira inakusukuma. Kitu kimoja cha kuongeza kikigunduliwa kinaharibu vyote vya kweli.

Yeye naye apige skrinshoti ya ile picha ikionyesha jina la grupu, tarehe, na emoji ya sajini, kabla mtu hajafuta. Aangalie tu kusiwe na mambo ya siri ya jeshi hapo ndani, mahali kikosi kinaenda, silaha, vitu kama hivyo, kwa sababu akituma hizo nje anajitengenezea kosa lingine. Halafu awe na daftari. Kila siku kitu kikitendeka anaandika saa, mahali, maneno yenyewe yaliyosemwa, nani alikuwa karibu. Ile siku aliambia koplo, aandike hiyo pia saa hii kabla isahaulike, kwa sababu inaonyesha wakubwa walijua wakanyamaza. Na wewe na binamu zako, msiweke kwa TikTok. Najua inawasha. Lakini ukitaja majina ya hao watu hadharani unawapa nafasi ya kujifanya wao ndio wameonewa.

Kuhusu ile kozi nitakuambia ukweli, ni ngumu kuliko picha. Kunyimwa kozi peke yake si ubaguzi, wengi hunyimwa. Lakini sheria ina kitu kizuri hapo: mtu akileta mambo ambayo jaji akiyaangalia anaweza kusema hapa rangi imeingia, basi mzigo unahamia kwa mwajiri, sasa ni yeye athibitishe haikuwa rangi. Kwa hivyo aulize kwa maandishi, kwa heshima: vigezo vya kozi vilikuwa vipi, yeye alipimwa lini Kiingereza, na nani alimpima? Alipita mitihani ya kuingia kwa Kiingereza hichohicho. Mwenzake aliyeenda alikuwa na alama gani za mazoezi, na yeye ana ngapi? Kama walilingana kwa kila kitu na kilichobaki ni "Kiingereza" ambacho hakuna mtu aliwahi kukipima, hapo tuna kitu. Kama yule mwenzake alikuwa mbele kweli, aache hiyo asimamie ya picha.

Visa sasa, maana naona hiyo ndiyo inamfunga mdomo. Mwanajeshi wa Jumuiya ya Madola akiwa kwa huduma hayuko chini ya masharti ya kawaida ya uhamiaji, pasipoti yake imegongwa hivyo. Hawezi kufutiwa kwa sababu amejaza fomu ya malalamiko, na sajini hana mkono kwa hiyo. Hatari ya kweli iko mahali pengine: ruhusa ya kukaa huko moja kwa moja kwa kawaida inaombwa mtu akishatumikia miaka 4, na yeye aliingia 2023. Akitoka kabla, kwa hasira ama kwa kushawishiwa asaini karatasi za kuondoka, hapo ndipo makaratasi yanakuwa shida. Kwa hivyo asisaini kitu chochote cha kuacha kazi bila kuongea kwanza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa huko Uingereza. Si mtu wa Facebook, si pasta, si mshkaji amekaa huko sana.

Na mama. Mwambie mama kwa upole, nikikaa naye ningemwambia mwenyewe: tafadhali asimwambie kijana asirudi. Mwanajeshi asiporudi kambini likizo ikiisha hajaacha kazi, amefanya kosa la jinai chini ya sheria yao ya majeshi ya 2006. Mshahara unasimama, akirudi ama akikamatwa huko baadaye anaweza kufungwa, na ile kesi yake nzuri ya ubaguzi inageuka kuwa hadithi ya mtoro. Wale waliotengeneza ile picha ya sokwe watakuwa wameshinda bila kujibu swali hata moja. Akija Desemba mumpikie, mumkumbatie, alale vizuri, na siku ya ndege mumpeleke JKIA mapema.

Utaniuliza, basi afadhali nini? Kuna kuongea kwanza bila karatasi, na kwa jambo dogo mimi hupenda hiyo, mtu anaitwa anaambiwa acha, anaacha. Lakini hapa koplo ameshaambiwa na sajini yuko ndani ya mambo yenyewe, sioni nani wa kuongea naye tena kwa hiyo platuni, na hayo mazungumzo yatakula zile wiki sita. Kuna kunyamaza mpaka miaka 4 ifike achukue makaratasi yake atoke, na wapo wengi wamechagua hiyo, siwahukumu, ni mshahara wa familia. Ila kijana analia kila usiku, hiyo miaka ataimalizaje? Kwangu mimi, na hii ni maoni yangu, apeleke malalamiko rasmi ndani ya wiki mbili zijazo, aweke ya picha mbele na ya kozi nyuma, na apige tarehe ya miezi 6 kwa kalenda aipigie mstari mwekundu.

Pesa asiiweke mbele sana lakini aijue. Tribunali hutoa fidia ya kuumizwa moyo kwa madaraja matatu. Kwa kesi zilizofunguliwa kuanzia Aprili 2025 daraja la chini lilianzia pauni 1,200 mpaka 12,100, la katikati 12,100 mpaka 36,400, na la juu lilipanda mpaka kama 60,700. Tukio moja huanguka chini, mfululizo wa miezi unapanda. Hasara ya mshahara inahesabiwa kando. Ukishindwa, kwa kawaida hulipi gharama za mwenzako, labda uwe umeleta kesi ya upuzi.

Mawakili wa huko: kuna shirika la hisani linaitwa Centre for Military Justice, liko London, kazi yake ni hii hasa, kushauri wanajeshi bila malipo kuhusu ubaguzi na unyanyasaji. Aanze hapo, wiki hii. Kuna pia mtandao wa mawakili wa mambo ya kijeshi unaoitwa Forces Law. Na serikali ya huko ina msaada wa kisheria kwa kesi za ubaguzi, wanaangalia mshahara na akiba, ingawa kwa kawaida unaishia kwa ushauri na kuandaa makaratasi, wakili wa kusimama naye tribunali haumo. Akiongea nao awe na karatasi moja tu: tarehe kwa mstari, kitu kilichotendeka, ushahidi uko wapi. Wakili akipewa hiyo anafanya kwa nusu saa kazi ya siku mbili.

Na kuna jambo haliwezi kungoja wakili yeyote. Kulia usiku ni mwili unasema. Akianza kukuambia haoni maana, ama ananyamaza ghafla baada ya wiki za kulia, ama anaanza kugawa vitu vyake, siku hiyohiyo aone daktari wa kambi ama kasisi wa kikosi, na kwa usiku kuna Samaritans, nambari yao huko ni 116 123, bure, saa zote. Kuona daktari hakumharibii kesi, tena ile rekodi ya daktari inaonyesha vile haya mambo yamemfanya. Lakini aende kwa ajili yake kwanza, kesi baadaye.

Najua kuna wengine watasoma hii na ndugu yao hayuko Uingereza, ako KDF, na shida si rangi, ni kabila. Kwa kifupi: Katiba yetu, Ibara ya 24, inaruhusu sheria ipunguze baadhi ya haki za wanajeshi na inazitaja moja moja, kuna faragha, kuna kuandamana, kuna mambo ya vyama vya kazi. Ibara ya 27 inayokataza ubaguzi haiko kwa hiyo orodha. Kwa hivyo hapo Milimani ya mjomba ndiyo mahali pake, korti inaweza kusikiza, ukishapitia njia za ndani za malalamiko. Hiyo nitaieleza siku yake.

Dada, rudi kwa mdogo wako umuulize kitu kimoja tu, ile picha iliwekwa tarehe ngapi kamili, asikisie, afungue simu aangalie. Ukinijibu uandike tarehe peke yake, bila jina lake wala la kikosi, nikuhesabie siku ya mwisho ya kila kitu.